Kiwiko, fimbo na punje za mahindi: shajara ya mradi

Jumapili, 9 Februari 2025

Leo asubuhi nimeshindwa kumimina chai. Chupa ya chai ya lita mbili, imejaa, nimeinyanyua kwa mkono wa kulia kama siku zote, na kabla haijafika kwenye kikombe maumivu yamenichoma upande wa nje wa kiwiko, vidole vikalegea vyenyewe. Chai imemwagika hadi kwenye sahani ya chapati. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua chupa, akamimina, ndipo akauliza, "Jana mlipata nini huko?"

Samaki wawili, changu, wadogo kiasi kwamba nahodha wa boti tunayovulia alitaka kuwafanya chambo.

Kiwiko kimeanza kuuma tangu Novemba. Mwanzoni kilikuwa kinauma Jumapili tu na Jumatatu kimesahau. Januari kikaanza kufika hadi Jumatano. Sasa hata kufungua kitasa cha ofisini nageuza kwa mkono wa kushoto. Nimekuwa nikijiambia ni uchovu, umri nao, miaka 47, lakini mimi ni mhasibu na najua hasara isiyoandikwa inavyofanya kazi. Nimenunua kaunta buku. Safu zake: tarehe, saa nilizokaa baharini, mkono umefanya nini, samaki, na maumivu ya asubuhi inayofuata kwa kipimo cha 0 hadi 10. Kipimo chenyewe ni chupa ileile ya chai, mkono umenyooka, kiganja kinatazama chini.

Lengo: kaskazi ijayo ikianza kuvuma, nivue Jumamosi nzima nje ya Raskazone, hapa Tanga, na Jumapili nimimine chai kwa mkono wa kulia.

Vifaa vya sasa, kwa kumbukumbu: fimbo fupi ya kuvulia ya futi sita, rili kubwa ya kukunjia uzi, na vyuma vya gramu 150 hadi 200 ambavyo tunavishusha mpaka chini kisha tunavipandisha kwa kuvistua-stua ili samaki adhani ni dagaa anayekimbia.

Leo: 7.

Jumanne, 11 Februari

Nimeonana na mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo kiasi cha kuwa mwanangu wa kwanza, aliyeniamkia shikamoo kisha akanitesa kwa dakika ishirini.

Kabla ya mateso, mapokezi palikuwa na mjadala. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba nasumbuliwa na kisugudi. Kijana wa mapokezi akauliza, "Kisugudi ndiyo nini, baba?" Nikamwonyesha. "Aaa, kiwiko!" Bibi yangu angesema hapana, kiwiko ni huku chini, mkono unapokutana na kiganja. Nimekubali yaishe. Humu nitaandika kiwiko, na hicho cha bibi nitakiita kifundo cha mkono.

Vipimo vyake havikuhitaji mashine. Alininyoosha mkono, akaniambia nikunje ngumi na kuinua kifundo juu, yeye akakandamiza chini. Nikaruka. Akaniambia ninyooshe vidole vyote, akakandamiza cha kati peke yake. Nikaruka tena, na hiki ndicho kilichonishangaza: kidole cha kati kinahusianaje na kiwiko? Kisha akabonyeza kinundu cha mfupa kilicho nje ya kiwiko, mahali penyewe hasa, na akageuza shingo yangu huku na huku, kwa sababu alisema shingo nayo inaweza kupeleka maumivu mkononi na kumsingizia kiwiko.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Misuli inayoinua kifundo na kunyoosha vidole imelala upande wa juu wa kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo. Yote inakusanyika kuwa kano moja iliyojishikiza kwenye kile kinundu. Mmoja wa misuli hiyo unashuka hadi kwenye mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha kati, na ndio unaoumia zaidi. Nikabisha. Mimi sinyooshi vidole, mimi nakamata fimbo. Akanipa kalamu niikaze kwa mkono wa kulia huku nimeshika kigasha changu kwa mkono wa kushoto. Ni kweli kabisa: ukikaza ngumi, misuli ya juu inakakamaa, maana bila hiyo kifundo kingekunjika kwa ndani na ngumi ingekosa nguvu. Kila ninapoikamata fimbo, kano hiyo inafanya kazi hata kama mkono hausogei. Nimerudia jaribio hilo kwenye daladala njia nzima.

Ugonjwa unaitwa kiwiko cha tenisi. Sijawahi kushika raketi maishani, na alisema wengi wa wanaougua hawajawahi pia; ni mafundi rangi, maseremala, wapishi, watu wa kompyuta. Unawapata kama mtu mmoja hadi watatu katika kila watu wazima mia, hasa kati ya miaka 35 na 55. Zamani walidhani kano imewaka moto, yaani imevimba kwa ndani, lakini wapasuaji walipoitazama kwa hadubini hawakukuta dalili za moto walizozitarajia. Walikuta nyuzi zilizovurugika, kama kamba ya nanga iliyokatikakatika ndani ingawa kwa nje ingali nzima. Maumivu yangekuwa upande wa ndani wa kiwiko ingekuwa kano nyingine, ya misuli inayokunja kifundo, na hiyo nayo wavuvi wanaipata.

Ameniambia nipunguze, nisiache. Nusu siku baharini, basi. Nilitoka na jeli ya kupaka na miadi ya mwezi ujao.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda. Nimepaka jeli mara tatu kwa siku, inatuliza kidogo usiku. Leo: 4.

Nimesoma jambo lililonichekesha. Mwaka 1873, kabla tenisi haijapewa lawama hii, daktari Mjerumani aitwaye Runge alieleza maumivu ya namna hii akizungumzia watu wanaoshinda wakiandika. Makarani! Kwa hiyo ningekuwa nimeshaupata huu ugonjwa bila hata kwenda baharini. Nimeangalia mausi yangu ya kompyuta ofisini: iko mbali, mkono umenyooka, kiganja kimelala chini, kidole cha kati kimeinuliwa saa nane kwa siku kikisubiri kubofya. Nimeisogeza karibu na kuihamishia kushoto. Wenzangu wanadhani nimepata kiharusi.

Jumapili, 23 Februari

Jana nguru wa kilo 11, kwenye saa ya kwanza tu. Alikimbia mara tatu, breki ya rili ikilia, mkono ukitetemeka, na mpwa wa nahodha akipiga kelele, "Anko, usimwachie! Anko!" Nilipomwingiza kwenye boti nilishajua leo sitaweza hata kufunga vifungo vya shati. Baada ya hapo tukarambaza, yaani boti ikikokota chambo, mpaka saa sita mchana, fimbo zimechomekwa kwenye vishikio, mimi nimekaa tu.

Leo: 3.

Sielewi. Nimeandika 3 na kuichora duara.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Mwezi mzima wa Ramadhani sikugusa fimbo. Asubuhi hii nimewamiminia wageni chai mwenyewe, chupa moja baada ya nyingine. Leo: 1, na hiyo 1 nimeiweka kwa uoga tu. Nimepona. Nimemwambia mama watoto kwamba mradi umeisha na kaunta buku itafaa kwa hesabu za shule za watoto.

Jumapili, 6 Aprili

Mradi haujaisha.

Jana tumekaa baharini kwa saa sita, mikono mitupu. Maji yalikuwa mazuri, ndege walikuwepo, samaki hawakutaka. Tulibadilisha mahali mara nne. Leo: 8. Usiku nimelala mkono nimeuweka juu ya mto kama mtoto mchanga.

Kuna rafiki ofisini anayenishauri nikachome sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko. Yeye alichomwa bega, akapona kwa siku tatu. Nimekiri kwamba nilipiga simu kuulizia bei.

Jumanne, 8 Aprili

Binti wa fiziotherapia hakunigombeza kuhusu sindano. Alinipa hesabu, akijua anazungumza na nani. Utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 2013 uliwafuatilia watu 165 wenye kiwiko kama changu. Baada ya mwaka mmoja, waliopona kabisa au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83 kati ya waliochomwa steroidi, na asilimia 96 kati ya waliochomwa maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa. Waliorudiwa na maumivu: asilimia 54 upande wa steroidi, 12 upande wa pili. Sindano inatuliza wiki za mwanzo, mtu anafurahi, anarudi kazini kwa nguvu, na kano iko palepale, pengine imedhoofika zaidi. Nikauliza, kwa hiyo ambaye hakufanya chochote alikuwa na nafasi nzuri kuliko mimi mwenye pesa ya sindano? Akacheka.

Kisha akanieleza Ramadhani yangu. Kano ikipumzishwa mwezi mzima, maumivu yanatulia lakini nguvu inapungua. Nimeitoa kwenye usingizi na siku hiyohiyo nikaibebesha mzigo wa saa sita. Alichotaka ni mzigo mdogo, kila siku, unaoongezeka taratibu mno. Wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya kuona tofauti ya maana. Nilipoguna akasema, "Baba, wewe unasubiri samaki saa sita."

Zoezi la kwanza: kigasha kimelala juu ya meza, kifundo kimetokeza ukingoni, kiganja chini. Nashika chupa ya maji ya nusu lita, nainyoosha usawa na kuishikilia bila kusogea kwa sekunde 45. Mara tano, na pumziko la dakika moja au mbili katikati. Ikiuma mpaka 4 inaruhusiwa, mradi kesho asubuhi iwe imerudi ilipokuwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya ujinga. Siku kumi za chupa ya nusu lita zilikwenda vizuri, nikaona nimekuwa mwanamume, nikaruka moja kwa moja kwenye ya lita moja na nusu. Siku tatu sasa kiwiko kina 6 na masika inanyesha kana kwamba mtu ameisahau bomba wazi. Narudi kwenye nusu lita. Nimejaza mchanga mkavu badala ya maji: inafika karibu gramu 800, hatua ya katikati niliyoihitaji. Huo mchanga nimeuchota Sahare, umejaa makombe madogo, na unapogeuza chupa unalia kama kayamba.

Zoezi jipya pia: mkono wa kushoto unaipandisha chupa, wa kulia unaishusha peke yake, polepole, hesabu hadi nne. Mara 15, mizunguko mitatu. Kushusha kunaijenga kano vizuri, tena ni kazi ambayo fimbo haijawahi kunidai, maana kwenye fimbo mimi huvuta juu tu.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimekaa na kaunta buku kama ninavyokaa na daftari la benki mwisho wa mwezi, na nimeona kitu.

Safari nilizoandika hadi sasa ni tano:

8 Februari: changu wawili, saa sita. Kesho yake 7.
22 Februari: nguru wa kilo 11, kisha kurambaza. Kesho yake 3.
5 Aprili: hakuna kitu, saa sita. Kesho yake 8.
10 Mei: kolekole watatu wakubwa kabla ya saa tatu asubuhi, tukarudi nyumbani. Kesho yake 2.
24 Mei: hakuna kitu. Leo 6.

Siku za samaki ndizo siku za nafuu! Nilikuwa nimeyaona mapigano na yule nguru kuwa ndiyo hatari, kwa sababu ndiyo yanayosimuliwa barazani. Lakini nguru alinichukua dakika kumi na tano. Asipokuwepo samaki, mimi sikai. Nashusha chuma, napandisha, nashusha tena, na kila inavyozidi kukosekana ndivyo ninavyozidi kustua kwa hasira. Jana kwa bahati nilikuwa nimehesabu, kwa kuchoka tu: nimeshusha chuma mara 132. Kila mshusho una mistuo kama 25 hadi chuma kifike juu. Hiyo ni mistuo 3,300, na kila mmoja ni ngumi iliyokazwa na kifundo kinachopigwa juu. Kwa samaki sifuri.

Nimemsomea mama watoto jedwali hili. Akasema, "Kwa hiyo unaumwa ubishi."

Ijumaa, 30 Mei

Nimetafuta namna ya kuhesabu nikiwa baharini. Tasbihi nimekatazwa, na kwa haki, mikono ikiwa na utumbo wa vibua. Kalamu inalowa. Nimeamua punje za mahindi: 40 kwenye mfuko wa kushoto wa kaptura, kila nikishusha chuma mara moja nahamisha punje moja kwenda wa kulia. Zikiisha, fimbo inalazwa. Kila wiki mbili, kama maumivu ya asubuhi inayofuata hayazidi 3, naongeza punje kumi.

Juni na Julai, kwa pamoja

Kusi limekaza na nje hakuendeki, kwa hiyo miezi hii miwili ilikuwa ya ufundi na ya kumtazama nahodha.

Kwanza ufundi. Nimepima fimbo na rili vya zamani kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 1,150. Vipya: 720. Bei sitaiandika humu, kaunta buku hii ina wasomaji wengine. Vyuma nimeshuka hadi gramu 80 na 100, na uzi mwembamba zaidi, maana uzi mnene unashikwa na mkondo na kudai chuma kizito. Kitako cha fimbo sasa nakibana kwapani, kwa hiyo mstuo unatoka kwenye bega na kiuno, mkono umekuwa kulabu tu. Kishikio cha fimbo nimekizungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka kikanenepa: kilikuwa chembamba, vidole vinakizunguka na kuzidi, na kitu chembamba kinadai ukikaze zaidi. Mkono wa rili uliokuwa na kijiti kama herufi T nimeubadilisha nikaweka kirungu cha mviringo, saizi ya yai. Na nimejifunza kushika fimbo kwa kushoto safari moja, kulia safari nyingine, ingawa kwa kushoto naonekana kama mtu anayefukuza nyuki.

Mkanda wa kiwiko ninao pia. Unavaliwa upana wa vidole viwili chini ya kile kinundu, juu ya nyama ya kigasha, na siku za kwanza niliuvaa juu ya kiwiko chenyewe, hausaidii chochote huko. Ukiwekwa sawa unapunguza maumivu wakati wa kazi. Nyumbani nauvua.

Sasa nahodha. Ana miaka sabini na kitu, amevua samaki kwa mshipi wa mkono, uzi bila fimbo, tangu utotoni, na viwiko vyake havijui hadithi hii. Nilikuwa nikidhani ni uzao wa zamani tu. Mwezi wa Juni tulivua ndani ya ghuba, alfajiri kabla upepo haujaamka, na mimi sikuvua. Nilikaa nikamtazama mikono. Ameketi, miguu imekanyaga taruma la boti. Mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, kimevishwa kipande cha mpira. Haukamati. Samaki anapouma, haukazi mkono. Analala nyuma na mgongo, mshipi unakuja na mwili, kisha mkono wa pili unapokea karibu na goti na mwili unarudi mbele. Viwiko vimekaa ubavuni, vimekunjwa, havinyooki hata mara moja. Mshipi ukinasa mwambani, havuti kabisa. Anauzungusha kwenye kipande cha mti, anaacha boti ivute.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia tukiwa tunarudi. "Kumbe hukazi mkono."

"Marahaba. Nikaze wa nini? Si wangu huyo mpaka aingie."

Kuna mambo mengine madogo ambayo siyahesabu kama uvuvi lakini kiwiko kinayahesabu. Dumu la petroli la lita 20 lina uzito wa kilo 15 hivi, na nilikuwa nikilibeba mkono umenyooka kutoka barabarani hadi ufukweni. Sasa tunalibeba wawili kwa mti. Nanga navuta kwa magoti. Kisu cha kuparia samaki nimekinoa, kwa sababu kisu butu kinakamatwa kwa nguvu mara mbili. Chochote nitakachonyanyua, nageuza kiganja kitazame juu kama inawezekana.

Chupa sasa ni ya lita moja na nusu, imejaa maji, mara 15 kwa mizunguko mitatu. Wiki tatu mfululizo asubuhi: 2, 2, 1.

Jumapili, 10 Agosti

Hofu mpya. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vina ganzi tangu Alhamisi. Nimeshaanza kujisomea magonjwa mabaya.

Jumanne, 12 Agosti

Si kano. Kuna neva inayopita kwenye mfereji upande wa ndani wa kiwiko, ileile inayopiga shoti ukijigonga. Binti aliniuliza nakaaje ofisini. Nikakaa kwenye kiti chake nikamwonyesha: tangu mausi ihamie kushoto, kiwiko cha kulia kimekuwa kikiegemea ukingo wa meza kutwa nzima. Nimetatua tatizo moja nikazaa jingine. Ameniambia ganzi ikizidi wiki chache, au mkono ukianza kukosa nguvu, nisikae nalo nyumbani. Nimekunja khanga ya zamani kuwa mto ukingoni mwa meza.

(Nyongeza, 24 Agosti: ganzi imekwisha.)

Jumapili, 14 Septemba

Jana, punje 70. Jodari wadogo wanne na tengesi mmoja. Mkono safi. Halafu wakati wa kurudi injini ikagoma.

Ni injini ya farasi 15, ya kuvuta kamba, na ina tabia zake. Mpwa wa nahodha alivuta mara kumi akachoka, mimi nikaona aibu kumtazama tu, nikashika. Mkono umenyooka, kiganja chini, kwa ghafla, kwa nguvu zote. Mara sita. Ya sita ikawaka na kiwiko nacho kikawaka.

Leo: 5.

Miezi mitatu nahesabu punje, kumbe ningeandika na kamba.

Jumatano, 17 Septemba

Imerudi 2 kwa siku tatu. Februari ingechukua wiki tatu. Jumatatu nilishusha zoezi hadi nusu ya uzito, Jumanne hivyohivyo, leo nimerudi kwenye uzito kamili. Kamba ya injini: mpwa atavuta, na kama lazima niwe mimi, naishika kwa mikono miwili, viwiko ubavuni, natupa mwili nyuma kama nahodha na mshipi wake. Nimejaribu nchi kavu, injini imefungwa kwenye gogo. Inawezekana.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana punje 80. Upepo mwepesi, maji ya buluu mpaka karibu, na hakuna kitu. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Nilikuwa nahamisha punje huku nikijisikia ile hasira ya Aprili ikipanda, mkono unataka kwenda haraka. Saa nne na robo mfuko wa kushoto ukawa mtupu. Nikalaza fimbo.

Dakika ishirini baadaye ndege wakaanguka. Si mbali, kama mita mia, membe wakilia na maji yakichemka, kolekole wakiwafukuza dagaa hadi juu. Nahodha akanigeukia.

"Mhasibu. Mahindi yameisha?"

"Yameisha, Mzee."

"Una mengine nyumbani?"

"Debe zima."

Alicheka mpaka akakohoa, akaniachia usukani. Nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikaisogeza boti polepole upande wa upepo, na mpwa akachukua fimbo yangu. Mshusho wa kwanza, akapata. "Anko, hii fimbo nyepesi!" Wa pili, akapata. Alipata watano kabla hawajazama, na kila mmoja nilimsimamia kama wangu, nikimfokea abane kitako kwapani, asinyooshe kiwiko, asistue kwa kifundo. Hakunisikia hata kidogo.

Asubuhi hii chupa imejaa, lita mbili, mkono umenyooka, kiganja chini. Nimemimina vikombe vinne. Leo: 1.

Mpwa amepiga simu saa nne. Anauliza ile jeli inaitwaje.